Dirisha la Binti Yangu

Wapendwa akina mama, mchezo nitakaousimulia hapa huenda wengi wenu hamjapata kuuona. Mimi mwenyewe sikuujua mpaka nilipohamia Marekani na mume wangu na watoto wetu wawili. Kwetu Marangu nilicheza rede nikiwa mdogo, halafu netiboli nilipokuwa sekondari, basi. Huku Minnesota wasichana hucheza softiboli. Binti yetu mkubwa aliipenda tangu alipokuwa na miaka saba, na mtoto akipenda jambo, mama ndiye hubeba chupa ya maji na kukaa kwenye benchi. Nilikaa kwenye benchi hilo miaka miwili. Mwaka wa tatu nikasimama, na huko kusimama ndiko kulikoniponza.

Mchezo wenyewe si mgumu kuuelewa. Msichana mmoja, mrushaji, husimama karibu na katikati ya uwanja na kuurusha mpira kwa mkono unaopita chini, kando ya paja. Msichana wa timu nyingine humkabili akiwa na gongo. Akiupiga mpira, hukimbia kuzunguka vituo. Nyuma ya mpigaji huchuchumaa mdakaji mwenye glavu nene, na nyuma ya mdakaji husimama mwamuzi. Kwa watoto wasiozidi miaka kumi, mrushaji husimama futi 35 kutoka mahali unapopigwa mpira, yaani mita kumi na kitu. Mpira wao una mzunguko wa inchi 11, kama chungwa kubwa, nao ni mgumu ingawa jina la mchezo lina maana ya mpira laini.

Kazi kubwa ya mwamuzi ni kuamua juu ya mipira ambayo haikupigwa. Kando ya miguu ya mpigaji kuna kibao cheupe kilicholazwa ardhini, upana wake inchi 17. Mpira ukipita juu ya kibao hicho, usipande juu ya kwapa za mpigaji wala usishuke chini ya magoti yake, ni straiki: ulikuwa mpira mzuri, naye alipaswa kuupiga. Ukipita nje ya hapo naye akauacha, ni boli. Straiki tatu, mpigaji anatoka. Boli nne, anapewa kituo cha kwanza bure. Nilipomweleza mama yangu kwa simu, nilimwambia ni kama kuna dirisha limesimama hewani, halina fremu wala kioo, na mwamuzi peke yake ndiye anayeliona.

Mama alicheka sana. "Na wakikwambia hawalioni?"

Nikamwambia hilo ndilo tatizo lenyewe.

Dirisha hilo lina mambo yake. Kwanza, linamfuata mtoto. Binti mrefu ana dirisha refu, na mfupi ana dirisha fupi, kwa sababu kipimo ni kwapa zake na magoti yake mwenyewe, tena akiwa amesimama kama kawaida yake ya kupiga. Akijikunja makusudi ili alifupishe, mwamuzi hapaswi kumkubalia. Pili, mpira ukigusa ukingo tu wa dirisha, hata kwa unene wa uzi, umeingia. Tatu, na hili ndilo huwagombanisha wazazi na waamuzi kila jioni, mpira huhukumiwa pale unapopita kwenye kibao, si pale unapodakwa. Watoto hurusha mipira yenye upinde. Unaweza kupita dirishani vizuri kabisa kisha ukadakwa karibu na ardhi. Aliyekaa kwenye benchi huona glavu iko chini na kupiga kelele. Nami nilizipiga kelele hizo miaka miwili, Mungu anisamehe.

Huku Minneapolis wanajivunia mchezo huu kama sisi Wachaga tunavyojivunia mlima. Ulianzia Chicago mwaka 1887, ndani ya jumba, vijana wakipiga glavu ya ngumi iliyofungwa kamba. Lakini mwaka 1895 ofisa mmoja wa zimamoto wa Minneapolis, Lewis Rober, aliwaanzishia askari wake mchezo wa namna hiyo nje ya kituo ili wasikae bure wakingoja moto. Ulikuwa mchezo wa wanaume. Wanawake waliupokea baadaye, na mwaka 1996 wakaucheza kwenye Olimpiki ya Atlanta.

Basi, waamuzi ni haba. Wengi huacha kazi, na sababu ni sisi wazazi na midomo yetu. Majira ya kuchipua ya mwaka ule chama cha michezo cha mtaa wetu kiliomba wazazi wajitolee, nami nikaenda. Tulifundishwa jioni mbili katika ukumbi wa shule. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke wa umri wa bibi, mwenye nywele nyeupe na sauti ya kuita ng'ombe. Alitufundisha kusimama katika nafasi iliyo kati ya mpigaji na mdakaji, kichwa kikiwa juu kidogo ya kichwa cha mdakaji, na tukishatulia tusitikisike. Kichwa kikitikisika, alisema, dirisha nalo linatikisika. Alitufundisha tusiwe wepesi wa kusema. Uache mpira uingie kwenye glavu, uurudie akilini mara moja, ndipo utamke.

Kisha akasema jambo ambalo siku zile nililiona ni la mpirani tu. Warushaji wa miaka tisa na kumi, alisema, bado hawawezi kulenga. Ukifuata kitabu kwa ukali, kila mpigaji atapewa boli nne na mtalala uwanjani. Kwa hiyo mwamuzi wa watoto hulipanua dirisha kidogo, upana wa mpira mmoja kila upande, ili wapigaji wapate sababu ya kupiga. Hilo linaruhusiwa na watu wazima wote wanalijua. "Lakini," akasema, "ukiwa mkarimu, uwe mkarimu kwa wote. Ukiwa mbahili, uwe mbahili kwa wote. Mtoto atakubali dirisha la aina yoyote. Hatakubali madirisha mawili."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu, nikayapigia mstari.

Nilinunua kinga ya uso yenye vyuma kama dirisha la nondo, na kidude cha mkononi cha kuhesabia boli na straiki. Nilipangiwa mechi za watoto wa watu, kamwe si za timu ya binti yangu, na ndivyo ilivyostahili. Nilifanya vizuri. Nasema hivyo bila kujisifu. Makocha walianza kuniomba kwa jina.

Halafu ikaja Alhamisi moja ya Juni. Nilikuwa nimempeleka binti yangu kwenye mechi yake saa kumi na mbili jioni, na mwamuzi aliyepangwa hakufika. Gari lake lilikuwa limekufa barabarani. Makocha wote wawili walinitazama. Vifaa vyangu vilikuwa kwenye buti la gari. Kocha wa timu nyingine alisema yeye hana wasiwasi nami. Ningeweza kukataa. Nilijua kwamba ningepaswa kukataa. Lakini watoto ishirini na zaidi walikuwa wamesimama na magongo yao, jua bado liko juu, na ukweli ni kwamba nilipenda kuombwa.

Binti yangu alipokwenda kupiga mara ya kwanza, nilimsikia mama mmoja nyuma ya wavu akimwambia mwenzake, "Huyu ni mtoto wa mwamuzi." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anaeleza tu. Lakini neno lile liliniingia shingoni kama maji baridi, na tangu hapo sikuwa nikitazama mpira peke yake. Nilikuwa nikitazama mpira na yule mama.

Mpaka mzunguko wa mwisho timu yetu ilikuwa na saba na wenzao wanane. Wachezaji wetu wawili walikwisha kutolewa, wawili wengine walikuwa kwenye vituo vya pili na cha tatu, na zamu ikamwangukia binti yangu. Nilimfundisha mwenyewe nyuma ya nyumba jinsi ya kulijua dirisha lake, kwa hiyo hakupiga ovyo. Aliacha mipira mibaya. Boli moja, mbili. Straiki ya chini magotini. Akapiga hewa, straiki ya pili. Boli ya tatu. Sasa mpira mmoja ungeamua: boli, anakwenda kituo cha kwanza na mchezo unaendelea, straiki, kwisha.

Mpira ulikuja juu. Niliuona vizuri kuliko mpira wowote wa jioni ile. Ulipita usawa wa shingo yake, na nje ya kibao kwa zaidi ya upana wa mpira. Binti yangu aliuacha, akashusha gongo na kugeukia kituo cha kwanza kama mtu anayejua haki yake. Nyuma ya wavu kulikuwa kimya. Nami nikanyanyua mkono wa kulia na kuita straiki kwa sauti iliyosikika mpaka maegesho ya magari.

Alisimama. Akanitazama kupitia vyuma vya uso wangu na vya kofia yake. Hakulia. Akaondoka.

Kocha wa wenzao alikuja kunishika mkono. Alisema hajapata kuona mwamuzi wa haki namna hii, hata kwa mtoto wake wa kumzaa. Yule mama wa nyuma ya wavu alinipigia makofi. Wapendwa, sitawaficha: niliona raha. Niliendesha gari nikiwa na raha hiyo kifuani labda kwa dakika tano.

"Mama," binti yangu akasema kutoka kiti cha nyuma, "ule wa mwisho ulipita wapi?"

"Dirishani."

"Chini ya kwapa?"

"Mwamuzi akishasema, amesema."

Alinyamaza mpaka nyumbani. Alikula nusu ya chakula chake, akaosha sahani yake bila kuambiwa, na alipopita karibu nami kwenda kulala akasema, "Angekuwa mtoto mwingine ungesema boli." Alilisema kwa Kiswahili. Kwa kawaida hunijibu kwa Kiingereza. Kiswahili hukitumia anapotaka nisijifanye sikusikia.

Nilijiambia ni mrefu, dirisha lake ni refu. Nilijiambia jua lilikuwa linapiga usoni. Jua lilikuwa mgongoni kwangu.

Nikiwa jikoni usiku ule nilikumbuka darasa la nne. Mama yangu alikuwa mwalimu wetu wa hesabu. Aliyekosa zaidi ya tatu alichapwa fimbo moja. Mimi nilichapwa mbili. Kila mtu darasani alijua hesabu hiyo, na hakuna aliyeiuliza. Nyumbani pia, wakija watoto wa jirani, wao walipata nyama nasi tukapata mchuzi, na tulifundishwa kwamba huo ndio ungwana. Huenda ndio. Lakini nikaanza kuhesabu ya kwangu. Kwenye ibada zetu za Kiswahili hapa mjini mimi hufundisha watoto wa shule ya Jumapili. Krismasi iliyopita binti yangu alijua maneno yote ya Mariamu kwa moyo, na nikampa kuwa kondoo. Keki ikikatwa, kipande chake hutoka mwisho, chenye kona iliyovunjika. Wakigombana na mtoto wa mwenzangu, yeye ndiye huambiwa aombe radhi kwanza, kabla sijauliza nani alianza. Yote hayo nilikuwa nikiyaita malezi. Nilipoyapanga mezani kama nilivyokuwa nikipanga straiki na boli, niliona kwamba mengi niliyafanya kwa ajili ya mtu fulani aliyesimama nyuma ya wavu.

Ilikuwa saa nne usiku kwetu, saa kumi na mbili asubuhi Marangu. Nikapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini, mbona mapema?"

Nikamwuliza kama anakumbuka zile fimbo mbili. Alikaa kimya, nikasikia jogoo wake.

"Nakumbuka," akasema. "Nisingefanya hivyo wangesema nakupendelea."

"Na ulipofanya, hawakusema?"

"Wapi! Walisema vilevile." Akanyamaza tena. "Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja tu, mwanangu. Ulikuwa ukiniogopa?"

Nilimwambia simu inakatika. Haikuwa inakatika.

Nilimweleza mume wangu nia yangu ya kumwomba binti yetu radhi, naye hakukubaliana nami. Alisema mtoto akishasikia mwamuzi amekosea makusudi, hatamheshimu mwamuzi mwingine tena, na mzazi akiomba radhi leo, kesho ataulizwa juu ya kila kitu. Sikumdharau. Kuna ukweli ndani yake, na nimeuona tangu siku ile. Binti yetu ameniuliza maswali mawili matatu ambayo zamani asingethubutu. Lakini nilikuwa nimemfundisha mimi mwenyewe mahali dirisha lake lilipo. Sikuweza kumwacha aamini kwamba macho yake ndiyo yaliyokosea.

Asubuhi nilimkuta anavaa viatu. Nikaketi kitandani, nikamwambia, "Ule ulikuwa boli. Niliuona. Niliogopa maneno ya watu, nikakuonea. Nisamehe."

Akafunga kamba za kiatu kimoja. "Najua," akasema. Kisha, "Ulikuwa mbali kiasi gani?"

Nilidhani angelia, au angenikumbatia kama kwenye filamu. Alitaka vipimo. Tulitoka nyuma ya nyumba na ule utepe wangu wa kushonea, tukaweka kipande cha boksi chini kuwa kibao, akasimama na gongo lake. Nikamwonyesha kwa mkono: hapa. Kutoka kwapani hadi pale ilikuwa upana wa kiganja changu. Akautazama mkono wangu muda mrefu, kama anaulinganisha na alichokiona yeye.

"Na ule wa kwanza, wa chini?"

"Ule ulikuwa straiki."

"Mama."

"Ulikuwa straiki. Huo siurudishi."

Hakukubali. Mpaka leo hakubali.

Nilimpigia simu kocha wake nikamweleza pia, kwa sababu sikumwonea binti yangu peke yake. Wenzake kumi na mmoja walikwenda nyumbani wameshindwa kwa mkono wangu, na wazazi wao walilipia magauni ya mchezo na mafuta ya gari kama sisi. Hakuna lililoweza kufanyika. Kwa kanuni za mchezo, boli na straiki ni maamuzi ya macho, na hayakatiwi rufani. Kocha alinishukuru kwa kusema. Sauti yake haikuwa ya furaha, na sikutegemea iwe. Nikakiandikia chama barua fupi kwamba nisiwekwe tena kwenye mechi ya mtoto wangu hata kama mwamuzi hakufika na watoto wamesimama wakilia.

Kwenye shule ya Jumapili bado najifunza. Si kazi nyepesi kumpa mtoto wako sehemu anayostahili huku akina mama wenzako wanatazama. Mwezi wa Desemba aliomba kuwa mtangazaji wa mchezo, nami nikawajaribu watoto wote watatu waliotaka, kwa maneno yaleyale, kila mmoja akisimama mbele ya wengine. Alikuwa wa pili. Nikampa aliyekuwa wa kwanza. Njiani nikamweleza kwa nini, kwa vipimo, maana huyu ni mtoto wa vipimo.

Kiangazi kilichofuata nilirudi nyuma ya mdakaji, kwenye mechi za watoto wa watu. Jioni moja binti yangu aliomba kuja nami. Alichukua kile kidude changu cha zamani cha kuhesabia, akaketi kwenye benchi pembeni, akahesabu kila mpira kivyake tangu mwanzo mpaka mwisho. Kwenye gari nikamwuliza nimekosa mingapi.

"Pale pembeni naona juu na chini tu," akasema. "Kulia na kushoto sioni."

"Basi juu na chini."

Akatazama kidude. "Miwili."

Mimi nilikuwa nimehesabu mitatu, lakini sikumwambia mpaka tulipofika nyumbani.